Vinu vya Upepo Vinavyoelea: Akiba Yapatikana Bandarini

Tangu zamani watu wakaao pwani na kando ya maziwa wajua kuutumia upepo. Hutweka tanga, na chombo huenda bila moto wala makasia. Siku hizi upepo huohuo umepewa kazi nyingine. Wazungusha mabawa makubwa yaliyowekwa juu ya mnara. Mabawa yazungusha jenereta. Nayo jenereta yatoa umeme. Mnara huo pamoja na mabawa na mitambo yake twauita kinu cha upepo.

Vinu vingi vimesimamishwa juu ya nchi kavu. Vingine vimesimamishwa baharini, na miguu yao imekita katika mchanga wa chini. Lakini viko vichache visivyogusa chini hata kidogo. Hivyo vyaelea kama merikebu iliyotia nanga, navyo vyasimama wima mchana na usiku katikati ya mawimbi. Kinu kimojawapo cha namna hiyo, bawa lake likielekea juu, hufika mita 175 juu ya maji, yaani urefu wa michikichi mirefu minane au tisa ikipandana.

Mtu akisikia habari hiyo hustaajabu kwanza, kisha huuliza swali la mwenye busara: Kazi kama hiyo yagharimu kiasi gani, na nani atailipa? Swali hilo ndilo tulitakalo leo. Maana umeme wa vinu vinavyoelea wapatikana kweli, wala hapana tena shaka juu ya jambo hilo. Shaka iliyobaki ni ya bei yake.

KWA NINI VIELEE?

Mashamba ya upepo baharini yalianza mwaka 1991 mahali paitwapo Vindeby, katika nchi ya Denmaki. Vinu vilikuwa 11, navyo vyote pamoja vilitoa megawati 5 tu. Maji ya hapo yalikuwa machache, na kila kinu kilisimama juu ya msingi wake wa zege. Vilifanya kazi miaka 25 na zaidi, hata mwaka 2017 vikaondolewa kwa uzee. Tangu siku za Vindeby vinu vya baharini vimeongezeka sana, lakini karibu vyote vimeifuata njia ileile: mguu hushuka mpaka chini ya bahari.

Njia hiyo ina mpaka wake. Kadiri maji yanavyozidi kina, ndivyo mguu unavyozidi urefu, uzito na bei. Yakipita mita 60 hivi, mafundi huona ya kwamba haifai tena. Nazo bahari nyingi hazishuki polepole. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika walijua jambo hili: pengine ukitoka ufuoni kidogo tu, upondo haufiki tena chini. Ndivyo ilivyo pwani ya Norwei, ya Ureno, ya Japani, na ya California huko Marekani. Wataalamu hukadiria ya kuwa asilimia 80 ya upepo wa baharini ufaao kwa umeme wavuma juu ya maji yapitayo mita 60. Basi nchi zenye bahari ya kina zina mambo mawili ya kuchagua: kuuacha upepo huo upite bure, au kujifunza kuelea.

Mwaka 2009 kampuni ya mafuta ya Norwei, iitwayo Equinor tangu mwaka 2018, iliweka kinu kimoja karibu na kisiwa cha Karmøy. Kilikuwa cha megawati 2.3, nacho kiliitwa Hywind. Kilikuwa kinu kikubwa cha kwanza duniani kuelea katika maji ya kina. Dhoruba zilikipiga, kikasimama. Mwaka 2017 kampuni hiyohiyo iliweka vinu vitano, kila kimoja cha megawati 6, katika bahari iliyo mbele ya mji wa Peterhead huko Uskoti. Hilo ndilo shamba la kwanza la vinu vinavyoelea. Katika miaka yake mitano ya kwanza lilitoa wastani wa asilimia 54 ya umeme ambao lingeutoa kama upepo ungevuma kwa nguvu zote pasipo kukoma hata saa moja. Kwa kinu cha upepo hayo ni mavuno mema sana.

BEI YAKE

Lakini yatazameni mambo ya fedha. Mwaka 2024 serikali ya Uingereza ilifanya mnada wa umeme. Kila kampuni ilisema ni bei gani ingekubali kwa umeme wake, na waliotaja bei ndogo walipewa mkataba. Vinu vipya vyenye miguu vilipata mkataba wa pauni 58.87 kwa kila megawati moja ikitolewa muda wa saa moja. Shamba la vinu vinavyoelea liitwalo Green Volt, la megawati 400, lilipata pauni 139.93. Bei hizo zote mbili zilihesabiwa kwa thamani ya pauni ya mwaka 2012, hivyo zaweza kulinganishwa bila hila. Umeme wa kinu kinachoelea ulikuwa ghali kupita mara mbili.

Mwisho wa safari yote, anayelipa ni mwenye nyumba awashaye taa na kupika chakula cha watoto wake. Serikali yaweza kuubeba mzigo huo kwa muda, ili kazi mpya ipate kukua. Haiwezi kuubeba siku zote. Bei isiposhuka, vinu hivi vitabaki kuwa vitu vya kutazamwa, na nchi zenye bahari ya kina zitaendelea kuchoma gesi na makaa. Basi yapasa kujua fedha zinakwenda wapi.

UZITO WA KAZI YA BAHARINI

Sehemu moja ya gharama ni vitu vyenyewe: kinu, nyaya za umeme, minyororo, nanga, na chelezo, yaani kile chombo kikubwa kinachoelea na kubeba mnara. Chelezo kimoja huwa na maelfu ya tani. Sehemu ya pili ni kazi ya kuvifunga vitu hivyo vyote mahali pake. Hapo ndipo bahari inapodai kodi yake.

Kinu chenye miguu hufungwa na merikebu ya namna ya pekee, yenye miguu minne au zaidi. Merikebu hiyo ikifika mahali pa kazi huishusha miguu yake mpaka chini ya bahari, kisha hujiinua yenyewe juu ya mawimbi. Hapo huwa kama kisiwa kidogo. Winchi yake, yaani ule mtambo wa kunyanyulia mizigo, husimama imara kama iliyo juu ya nchi kavu. Lakini katika maji ya mita 100 au 200 miguu hiyo haifiki chini. Winchi italazimika kuelea, na kinu nacho chaelea. Fikirini mtu aliye katika mtumbwi, ataka kutia uzi katika tundu la sindano iliyoshikwa na mwenzake aliye katika mtumbwi wa pili, na ziwa limechafuka. Ndivyo ilivyo kazi ya kulipandisha bawa la makumi ya tani juu ya mnara unaoyumba, ambapo kila tundu lapaswa kuilingana parafujo yake barabara.

Tena merikebu zenye winchi kubwa za kutosha ni chache duniani, na kampuni za mafuta zazihitaji pia. Hukodiwa kwa siku, kwa fedha nyingi. Wahenga wa pwani walisema: Bahari haishi zinge. Mawimbi yakiinuka, kazi husimama, lakini kodi ya merikebu haisimami. Mabaharia na mafundi hungoja, siku zapita, na hesabu yaongezeka. Na tusisahau ya kuwa mafundi hao ni baba za watu na wana wa watu. Kila saa wanayofanya kazi juu ya maji yaliyochafuka ni saa ya hatari kupita saa ya gatini.

Basi kanuni ya kwanza ya kupunguza gharama ni hii: kazi yoyote iwezayo kufanywa bandarini isipelekwe baharini.

KUTOKA STORD MPAKA WERGELAND

Tuone jinsi kanuni hiyo ilivyofuatwa. Vyelezo vya Peterhead vilikuwa nguzo za feleji, kila moja ndefu mita 91, zilizoundwa Fene katika nchi ya Hispania. Zilibebwa zimelala juu ya merikebu mpaka Stord, pwani ya Norwei. Pwani hiyo ina ghuba nyembamba ziingiazo kati ya milima, zenye kina kirefu na maji matulivu. Huko nguzo zilijazwa maji kidogo kidogo zikasimama wima. Kisha zikatiwa farumi, yaani uzito uwekwao chini ya chombo ili kisipinduke. Vinu navyo viliunganishwa kamili juu ya nchi kavu, mnara na mabawa pamoja. Halafu merikebu kubwa iitwayo Saipem 7000, yenye winchi mbili zenye nguvu nyingi mno, ilikinyanyua kila kinu kizimakizima na kukiweka juu ya nguzo yake. Mwisho, vilivutwa vimesimama wima kuvuka Bahari ya Kaskazini, mpaka mahali ambapo nanga zilikuwa zikivingojea.

Angalieni: hapakuwa na kunyanyua kuzito katika bahari ya wazi. Kazi ngumu yote ilifanyika ghubani. Kwa njia hiyo, na kwa kutumia vinu vikubwa zaidi, gharama ya kila megawati ilishuka zaidi ya nusu ikilinganishwa na kile kinu cha kwanza cha mwaka 2009.

Hata hivyo ile merikebu kubwa ilibaki, nayo ni ghali. Kwa hiyo katika shamba lililofuata, liitwalo Hywind Tampen, waliiondoa kabisa. Vyelezo vya Tampen vilijengwa kwa zege badala ya feleji. Sehemu za chini zilimwagwa katika gudi ya Stord, kisha zikavutwa mpaka Dommersnes, ndani ya ghuba. Huko zege iliendelea kumwagwa pasipo kukatizwa, huku ukungu wake ukipanda polepole. Na kadiri nguzo ilivyozidi kurefuka, ndivyo ilivyozidi kushuka majini kwa uzito wake yenyewe. Zilipokuwa tayari zilivutwa mpaka gati la Wergeland, katika wilaya ya Gulen. Bahari iliyo kando ya gati hilo ina kina kirefu hata nguzo iliyozama karibu mita 90 yaweza kusimama ubavuni mwa gati. Basi winchi ya nchi kavu, iliyosimama juu ya gati, ilipandisha mnara, kisha mitambo, kisha mabawa.

Vinu vya Tampen ni 11, kila kimoja cha megawati 8.6. Viko kilomita 140 kutoka pwani, katika maji ya mita 260 hadi 300, navyo vyapeleka umeme kwenye majukwaa matano ya mafuta na gesi ya Snorre na Gullfaks. Umeme wa kwanza ulitoka Novemba 2022, na shamba lote lilifunguliwa Agosti 2023. Kampuni yenyewe yasema ya kuwa gharama ya kila megawati ilipungua kwa asilimia 35 ikilinganishwa na shamba la Peterhead. Sehemu ya akiba hiyo yatokana na ukubwa wa vinu: safari moja ya kuvuta kinu cha megawati 8.6 yaleta umeme mwingi kuliko safari moja ya kuvuta kinu cha megawati 6. Sehemu nyingine yatokana na lile gati.

Watu wa Maziwa Makuu wanao mfano wa kanuni hiyohiyo karibu nao. Katika Ziwa Kivu, upande wa Rwanda, chombo kikubwa cha kutoa gesi ya methani majini kiliundwa ufuoni Kibuye. Kisha kikavutwa yapata kilomita 13 na kufungwa kwa nanga. Gesi yake yaendesha kituo cha umeme cha megawati 26, kilichoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2015. Hata katika ziwa, ambalo ni tulivu kuliko bahari, mafundi waliona heri kuunda ufuoni kwanza.

KILA CHELEZO NA BANDARI YAKE

Mtu atasema: Kama ni hivyo, na wote wajenge kama Tampen. Lakini ni nchi ngapi zenye ghuba za kina cha mita 100 kando ya gati? Ni chache sana. Bandari nyingi za dunia hazina hata mita 20. Nguzo ndefu haiwezi kusimama humo. Kwa hiyo mafundi wengine wamechagua umbo lingine.

Umbo la pili ni kama mafiga matatu. Nguzo tatu nene, zilizounganishwa kwa mabomba ya feleji, huelea kwa pembe tatu. Kinu husimama juu ya mojawapo. Ndani ya nguzo mna maji ya farumi yanayoweza kuhamishwa kwa pampu, ili chelezo kisiinamie upande mmoja. Chombo hicho ni kipana lakini hakizami sana kikiwa bandarini. Vinu vitatu vya shamba la WindFloat Atlantic, kila kimoja cha megawati 8.4, viliwekwa juu ya vyelezo vya namna hiyo katika gati la Ferrol, Hispania, kwa winchi ya nchi kavu. Kisha vilivutwa kwa merikebu za kawaida mpaka mbele ya mji wa Viana do Castelo, Ureno, kilomita 20 kutoka ufuoni, mahali penye kina cha mita 100. Tangu mwaka 2020 vyote vitatu vyatoa umeme. Faida yake ni kwamba bandari nyingi zafaa. Hasara yake ni feleji nyingi, na uwanja mpana wa kuiunganishia.

Umbo la tatu huvutwa chini kwa nyaya zilizokazwa sana, kama hema lililofungwa na kamba zake. Ndilo lililotumika Provence Grand Large, katika bahari ya kusini ya Ufaransa, kwa vinu vitatu vya megawati 8.4. Chelezo cha namna hiyo chaweza kuwa chepesi na chembamba, na bahari hukiyumbisha kidogo tu. Lakini uthabiti wake wote hupatikana kikishafungwa. Kwa hiyo zile saa za kukivuta na kukifunga hutaka hali nzuri ya hewa na uangalifu mkubwa.

Mwaona, wasomaji, ya kuwa hapana umbo lililo rahisi katika kila jambo. Anayeokoa feleji huenda akalipa kwa siku za baharini. Anayeokoa siku za baharini huenda akalipa kwa feleji. Fundi mwenye akili haulizi tu, Chelezo kipi ni rahisi? Auliza, Bandari yangu ni ya namna gani, na kutoka hapo mpaka shambani ni mbali gani?

NANGA KUMI NA TISA

Wanafunzi na wachukue kalamu. Kila kinu cha Tampen chashikwa na minyororo mitatu. Vinu ni 11. Basi nanga zingehitajika ngapi? Mtajibu, 33, na hesabu yenu ni sahihi. Lakini walioijenga Tampen walitumia nanga 19. Iliwezekanaje? Walivipanga vinu kwa namna ambayo jirani na jirani wanashika nanga moja, kama nyumba mbili zitumiazo ukuta mmoja.

Nanga hizo hazifanani na nanga za mashua. Kila moja ni kama pipa kubwa sana la chuma lililofunikizwa, wazi upande wa chini. Hushushwa mpaka kwenye udongo wa chini ya bahari. Kisha pampu hutoa maji yaliyomo ndani, na uzito wa bahari yenyewe hulisukuma pipa lizame udongoni. Hazihitaji kupigwa nyundo. Kila nanga iliyopunguzwa ni safari moja pungufu ya merikebu, na siku moja pungufu ya kungojea bahari itulie. Lakini ujirani huo wataka hesabu nzuri, maana nanga moja ikishindwa, vinu zaidi ya kimoja vyaweza kuathirika.

Tena nanga na minyororo hutangulia kutandazwa kabla vinu havijafika. Kinu kikifika, kazi iliyobaki ni kuinua mwisho wa mnyororo na kuufunga. Kadiri kifungo kinavyokuwa cha upesi, ndivyo merikebu za kuvuta zinavyorudi nyumbani mapema.

KIWANDA KIFANYE KAZI YAKE

Henrik Stiesdal wa Denmaki, aliyezaliwa mwaka 1957, ni mmoja wa watu waliojenga ufundi wa vinu vya upepo tangu ulipokuwa mchanga. Alikuwamo katika kazi ya Vindeby. Huyu aliona jambo moja. Vinu vyenyewe hutengenezwa kiwandani kwa wingi, kimoja kama kingine. Lakini vyelezo huundwa kama merikebu za zamani, kimoja kimoja, mafundi wakichomelea vyuma gatini miezi mingi. Gati limejaa, na bandari yalipisha kwa kila siku.

Kwa hiyo alibuni chelezo kiitwacho TetraSpar. Mabomba yake hutengenezwa katika kiwanda cha nchi kavu, husafirishwa barabarani, na bandarini huunganishwa kwa misumari minene ya chuma pasipo kuchomelea. Chini yake huning'inia uzito mkubwa unaoshushwa chombo kikifika maji ya kina. Bandarini uzito huo umepandishwa, hivyo chombo hakihitaji kina kirefu. Baharini umeshushwa, hivyo kinasimama imara kama nguzo ndefu. Kimoja cha megawati 3.6 kiliunganishwa Grenaa, Denmaki, kikavutwa mwaka 2021 mpaka karibu na Karmøy, penye mita 200 za maji. Ni kimoja tu, cha kujaribia. Faida yenyewe itaonekana siku vitakapotengenezwa kwa mamia. Mwashi afyatuaye matofali elfu kwa kalibu moja hayauzi kwa bei ya yule achongaye kila tofali kwa mkono.

AKIBA ISIYO AKIBA

Hata hivyo yafaa kusema ukweli wote. Ziko akiba zinazogeuka kuwa hasara.

Huko Tampen, vinu saba viliwekwa mwaka 2022, lakini vinne vilichelewa. Vipande fulani vya minara havikuwa na feleji ya ubora uliotakiwa. Vilipopatikana vingine, majira mazuri ya bahari yalikuwa yamepita. Ikawa lazima kungoja mpaka mwaka 2023. Jumla ya gharama, iliyokadiriwa mwanzoni kuwa kroni bilioni 5 hivi za Norwei, ilipita bilioni 7, kwa sababu hiyo na kwa sababu ya bei za dunia zilizopanda. Ugonjwa wa kipande kimoja cha chuma waweza kuzuia gati zima, winchi, merikebu na watu.

Na kazi haiishi siku kinu kinapowashwa. Mwaka 2024, baada ya miaka saba hivi, vinu vyote vitano vya Peterhead vilifunguliwa minyororo na kuvutwa tena mpaka Wergeland kwa matengenezo makubwa. Kwa miezi kadhaa mahali pao palikuwa patupu. Vilevile katika shamba la Kincardine, mbele ya pwani ya Aberdeen, kinu kimoja cha megawati 9.5 kilivutwa mwaka 2022 mpaka Rotterdam, Uholanzi, ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, ili kubadilishiwa jenereta.

Wengine husema ya kuwa kinu kinachoelea kina bahati, maana chaweza kurudishwa gereji kama gari. Ni kweli, lakini safari hizo hulipiwa, na kinu kilichoko gatini hakitoi umeme wa kuzilipa. Kwa hiyo mwaka 2024, katika shamba hilohilo la Kincardine, mafundi walibadilisha jenereta ya kinu palepale baharini. Winchi ndogo ikishikizwa kwenye kinu chenyewe, basi winchi na mnara vyayumba pamoja, na ule uzi na ile sindano vimo katika mtumbwi mmoja.

Basi hesabu ya haki haihesabu siku ya kufunga peke yake. Yahesabu pia siku ya kufungua, ya kurudisha, ya kutengeneza na ya kufunga tena. Anayechagua mnyororo rahisi usiofunguka upesi ameipunguza gharama ya leo na kumwachia fundi wa miaka kumi ijayo deni.

YALIYOBAKI

Mpaka leo mashamba haya ni machache na madogo. Maumbo ya vyelezo ni mengi, na kila kampuni yasifia lake. Maadamu kila shamba lina umbo lake, hapana kiwanda kitakachothubutu kutengeneza vyelezo mia vya namna moja. Na bandari nyingi hazina gati pana wala imara la kutosha kubeba winchi kubwa. Serikali itakayo umeme huu yapaswa kuanza na gati, miaka kadhaa kabla ya kinu cha kwanza. Gati halipigwi picha sana, wala halisifiwi magazetini, lakini ndilo limeshusha bei.

Ninyi mnaosoma shuleni, angalieni ya kuwa mambo mengi tuliyoyataja hayakuhitaji uvumbuzi wa ajabu. Farumi yajulikana tangu zamani za majahazi. Nanga, zege na winchi si vitu vipya. Walioipunguza gharama walikaa kwanza mezani na kuuliza juu ya kila kazi: Yaweza kufanyika wapi kwa saa chache na kwa salama? Halafu wakaipanga upya. Hesabu za darasa la sita zatosha kuielewa akiba ya nanga 14. Na ile habari ya farumi, kwa nini uzito wa chini huizuia nguzo isianguke, mwaweza kuijaribu leo kwa chupa tupu, mchanga kidogo, na beseni la maji.